Kamanyola: jina lilisafiri, kijiji kikabaki

Ndugu msomaji, ukitoka Uvira asubuhi na mapema, ukaacha ziwa mgongoni na kufuata barabara kubwa kwenda kaskazini, utapita Kavimvira, Kiliba, Runingu, Sange, Luberizi, Bwegera, Luvungi na Katogota. Mkono wa kushoto milima inakufuata njia yote. Mkono wa kuume kuna majani, mashamba, ng'ombe, halafu mto Ruzizi, na ng'ambo ya mto nchi ya watu wengine. Ni uwanda ule sisi wote tunaouita Plaine. Ukisha kutembea karibu kilometa 80, milima inasogea karibu na mto, uwanda unakuwa mwembamba, na barabara inaanza kutafuta mlango wa kupandia kwenda Bukavu. Hapo ndipo Kamanyola.

Mbele ya mwaka 1964 watu wa mbali hawakujua Kamanyola. Kilikuwa kijiji cha uwanda kama vijiji vingine, chenye nyumba, majani, mihogo na njia ya kuvukia. Lakini kisha, kwa miaka zaidi ya 30, hakuna mtoto wa shule katika nchi nzima ambaye hakusikia jina hilo. Lilipewa jeshi, lilipewa mashua, lilipewa na uwanja wa mpira. Leo tunapenda kuuliza jambo moja tu: jina lilipopanda juu namna ile, kijiji chenyewe kilipata nini? Na urithi wa kijiji ni nini hasa: ni jina lake, ama ni maisha ya watu wake?

1. Pahali penyewe

Kamanyola iko chini ya sheferi ya Ngweshe, teritwari ya Walungu. Ukitoka hapo kidogo tu kwenda kusini, unaingia teritwari ya Uvira. Kwa hiyo kijiji kiko mpakani hata ndani ya nchi yetu wenyewe. Ng'ambo ya Ruzizi iko Bugarama ya Rwanda, na kusini kidogo ya hapo inaanza Burundi. Nchi tatu zinatazamana. Mtu anaweza kuamkia Kongo, akauza nyanya Rwanda, na jioni akala bugali kwake.

Juu ya jambo hilo, lugha za pale ni nyingi. Utasikia Kishi, Kifuliiru, Kirundi, Kinyarwanda, na juu ya zote Kiswahili, maana sokoni hakuna anayeuliza umezaliwa wapi mbele ya kukuuliza bei. Huu ni urithi wa kwanza wa kijiji, na watu wengi hawauhesabu: kujua kuishi na jirani ambaye lugha yake ya nyumbani si yako.

Mto wenyewe unatoka ziwa Kivu, ambalo liko juu, kama mita 1460 kutoka usawa wa bahari, na kushuka mpaka ziwa Tanganyika, ambalo liko kama mita 770. Safari yote ni karibu kilometa 117. Katika sehemu ya juu mto unapita katika makorongo, na pale ndipo yalipojengwa mabwawa ya umeme, Ruzizi ya kwanza mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi ya pili mwaka 1989. Ukifika karibu na Kamanyola mto unatulia, unapata nafasi, unaanza kuzungukazunguka katika uwanda. Ndiyo kusema, Kamanyola ni mlango: wa mto kuingia uwandani, na wa watu kupanda milimani.

2. Mto ulioulizwa na wageni

Wazungu wa kwanza waliofika pande zetu walikuwa na swali moja kichwani: Ruzizi inatoka katika ziwa Tanganyika ama inaingia? Walitafuta chanzo cha Nili. Kama Ruzizi ingetoka ziwani kwenda kaskazini, basi Tanganyika ingeweza kuwa mama wa Nili.

Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Uvira kwa mitumbwi. Wenyeji waliwaambia waziwazi kwamba mto unaingia ziwani. Hawakufika mlangoni mwa mto, wakarudi. Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley walitoka Ujiji, wakapanda mpaka mwisho wa ziwa, wakaona kwa macho yao: maji yanaingia. Habari ikaandikwa, ikasomwa Ulaya kama jambo jipya.

Tuangalie vizuri hapo. Mvuvi yeyote wa Uvira, na mchungaji yeyote wa uwandani, alijua jambo hilo tangu utoto. Halikuwa fumbo kwake. Lakini ujuzi wake haukuandikwa, na usipoandikwa unahesabiwa kama haupo. Hili ni fundisho la kwanza la hadithi yetu, na litarudi mara nyingine.

3. Mto unakuwa mpaka

Mwaka 1910 serikali za Ulaya zilikubaliana juu ya mipaka ya pande hizi, na Ruzizi ikawa mstari: huku Wabelgiji, kule Wadachi. Watu waliokuwa na shamba huku na shemeji kule wakasikia kwamba sasa ni watu wa nchi mbili. Vita ya dunia ilipoanza mwaka 1914, mto ule wa kuteka maji na kunyweshea ng'ombe ukawa mstari wa bunduki. Mwaka 1916 askari wa Kongo chini ya Olsen walivuka Ruzizi, na mwezi wa Juni Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, ikaanguka mikononi mwao. Nyuma ya kila askari walikuwa wapagazi wa kubeba chakula na risasi. Vitabu vinatupa jina la kamanda. Wapagazi hawana majina.

Kisha vita, leta ya Wabelgiji ilitia nguvu katika kilimo. Uwanda huu una joto, mvua yake si nyingi kama ya milimani, na pamba inapenda hali hiyo. Kulima pamba haikuwa mapenzi ya mkulima, ilikuwa amri, na asiyelima alijua adhabu yake. Baadaye ikaja miwa ya Kiliba na kiwanda chake cha sukari. Kando ya hayo, watu waliendelea na yao: mihogo, mahindi, karanga, ndizi, na mpunga pale maji yalipopatikana. Mito midogo inayoshuka kutoka milimani, kama Luberizi, Sange na Kiliba, ndiyo inayolisha uwanda. Watu walijifunza kuchimba mifereji, kugawana maji, na kugombana juu ya maji, kisha kupatana, maana mwaka unaofuata mtahitaji tena kufungua mfereji uleule.

Haya nayo ni urithi. Mzee anayejua mfereji ulipita wapi mbele haujafukiwa ni kama kitabu.

4. Mwaka 1964

Sasa tufike kwenye jambo lililolipa jina hili miguu.

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960, lakini amani haikuja nao. Mwezi wa Aprili 1964 uasi uliwaka katika uwanda wa Ruzizi na Uvira. Kati ya viongozi wake alikuwa Musa Marandura, Mfuliiru, pamoja na watu wa Gaston Soumialot. Tarehe 15 Mei 1964 Uvira ilianguka mikononi mwa waasi. Jeshi la taifa lilivunjika moyo. Askari walisikia kwamba waasi wana dawa, kwamba risasi inageuka maji, na wengi walitupa bunduki na kukimbia. Barabara ya kwenda Bukavu ilikuwa karibu wazi, na mlango wa barabara ile ni Kamanyola.

Mwezi wa Juni, Jenerali Mobutu, mkubwa wa jeshi, alikuja mwenyewe Kamanyola kuwarudisha askari wake mbele. Askari walitia nguvu, daraja likavukwa, na kwa siku zile waasi wakasukumwa nyuma. Vita haikuishia pale. Mwezi wa Agosti waasi walifika mpaka ndani ya Bukavu, na ni Kanali Mulamba na watu wake ndio waliowazuia. Uvira yenyewe ilikaa bado wakati mrefu katika mikono ya waasi. Na kule kusini, Baraka na Fizi, tarehe 28 Novemba 1964, waliuawa mapadri na bruda ambao Kanisa liliwatangaza wenye heri hapa Uvira mwezi wa Agosti 2024.

Ndiyo kusema, kilichotokea Kamanyola kilikuwa kipande kimoja cha vita kubwa. Lakini Mobutu alikamata madaraka tarehe 24 Novemba 1965, na anayekamata madaraka ndiye anayechagua kipande cha kukumbukwa. Kikachaguliwa kile ambamo yeye mwenyewe alikuwa mbele. Ikahubiriwa kwamba alivuka daraja kwa miguu, risasi zikipita, bila woga. Sisi tuliosoma wakati wa Zaire tuliisikia hadithi hiyo shuleni na katika animasyo, tukapiga makofi. Hakuna mwalimu aliyetuuliza: na watu wa kijiji siku ile walikuwa wapi?

5. Jina linasafiri

Katika miaka ya 1970 liliundwa jeshi kubwa lililofundishwa na Wakorea wa Kaskazini, likaitwa Divisheni Kamanyola. Prezida alikuwa na mashua yake kubwa ya fahari katika mto Kongo, ambamo alipokea wageni na ambamo mwishoni alikaa siku nyingi mbali na kelele za Kinshasa. Nayo iliitwa Kamanyola. Mwaka 1994 ulifunguliwa Kinshasa uwanja mkubwa wa mpira wenye nafasi za watu kama 80 000. Nao ukaitwa Kamanyola.

Fikiri kidogo, ndugu msomaji. Mtu wa Kinshasa angeweza kwenda Kamanyola kila Jumapili kuangalia mpira, bila kujua kwamba Kamanyola ni pahali ambapo mama anauza mihogo kando ya barabara, akiogopa kamyo iliyopoteza breki katika mteremko wa Ngomo.

Mwaka 1997 Mobutu alianguka. Uwanja ukabadilishwa jina, ukaitwa uwanja wa Mashahidi, kwa ukumbusho wa wale mawaziri wanne wa zamani walionyongwa mbele ya watu mwaka 1966 kwa amri ya Mobutu mwenyewe. Jina lililokuwa la sifa likawa jina la kufutwa. Wakubwa walilichukua bila kuuliza kijiji, na wakalitupa bila kuuliza kijiji. Lakini kijiji hakikuweza kulitupa. Ni jina lake.

Wala si Kamanyola tu. Pale juu ya milima inayotazama uwanda wetu iko Lemera. Mwezi wa Oktoba 1996 jina la Lemera lilitiwa kwenye mkataba ulioanzisha AFDL, na wengi wa mbali wanaijua kwa ajili ya karatasi ile tu. Lakini katika mwezi uleule, tarehe 6 Oktoba, hospitali ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Daktari aliyekuwa mkubwa wa hospitali ile ni Denis Mukwege, ambaye dunia ilimpa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018. Kijiji kimoja, mwezi mmoja, na kumbukumbu mbili. Ile ya wakubwa ilikuwa karatasi. Ile ya watu ilikuwa makaburi.

6. Ambayo hayakuimbwa

Kisha mwaka 1996 uwanda haukupumzika. Mwezi wa Mei 2000, katika Katogota, karibu kabisa na Kamanyola, askari waliua raia katika nyumba zao, wanaume, wanawake na watoto. Tarehe 15 Septemba 2017, Kamanyola penyewe, risasi zilipigwa juu ya wakimbizi Warundi waliokimbia matatizo ya nchi yao, na zaidi ya 30 wakafa. Mwezi wa Februari 2025 vita vya M23 vilifika Kamanyola kutoka Bukavu, na tena watu wakafunga mizigo, wengine wakashuka kwenda Uvira, wengine wakavuka mto.

Hakuna mashua iliyopewa jina kwa ajili ya siku hizo. Hakuna animasyo. Lakini ukitaka kujua historia ya kijiji, siku hizo ni zake kuliko siku ile ya daraja. Mwaka 1964 kijiji kilikuwa pahali tu pa kupigania. Katika siku hizi nyingine, wenyeji na wale waliowapokea ndio walioumia.

Hatusemi kwamba hadithi ya daraja ifutwe. Hapana. Ilitokea, na mtoto aijue. Tunasema ikae pahali pake, kati ya nyingine, isizifunike.

7. Basi urithi ni nini?

Kwetu, mtu anapokufa jamaa wanakaa chini na kuuliza: ameacha nini? Hawaanzi na sifa zake. Wanaanza na watoto, shamba, deni, na neno alilosema. Kijiji nacho tukikiuliza hivyo, tutapata jibu tofauti na lile la mashuleni.

Kamanyola imeacha, na ingali na, mambo haya. Iko na soko ambalo watu wa nchi tatu wanapatana kwa Kiswahili. Iko na akina mama wanaovuka na jeto yao mkononi asubuhi, wakibeba nyanya, mihogo au samaki, na kurudi na mahitaji ya nyumba. Hao ndio waliokuwa wa kwanza kurudisha uhusiano kila mara mpaka ulipofunguliwa baada ya vita. Iko na ujuzi wa ardhi: wapi panatosha mpunga, wapi ni pa mihogo, wapi ng'ombe wanapita bila kuharibu shamba la mtu. Iko na njia ya Ngomo, na desturi ya madereva kusimama hapo mbele ya kupanda, kuangalia breki, kunywa maji, kuomba Mungu. Iko na makaburi.

Haya yote hayahitaji prezida kuyapa heshima. Yanahitaji mtu mwenye kalamu.

8. Tufanye nini?

Katika nyanda za majani za Kanada na Marekani viko vijiji vidogo ambavyo vimebaki na watu wachache tu. Vingine vimechukua shule yao kuukuu, vikaweka ndani jembe la zamani, picha, daftari la majina ya wakaaji wa kwanza, na kuiita nyumba ya ukumbusho. Si mambo ya pesa nyingi. Ni mambo ya kuamua kwamba maisha ya babu wa kawaida yanafaa kutunzwa. Sisi katika uwanda wa Ruzizi nyumba zetu zimechomwa mara nyingi, picha zimepotea katika kukimbia, lakini wazee wengine wangali hai.

Hapo ndipo tunapaswa kufanya haraka. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1964 amekwisha kupita miaka 70. Kila msiba unaopita unafunga mlango mmoja. Vijana, mnao wakati na mnazo simu za kurekodi. Nendeni kwa wazee wa Kamanyola, wa Katogota, wa Luvungi, wa Luberizi. Msianze kwa kuuliza juu ya Mobutu, maana mtapata jibu la shuleni. Ulizeni hivi:

Mwaka ule wa 1964, mlikimbilia wapi, na nani aliwapokea?
Nani aliwapikia askari, na chakula kilitoka shamba la nani?
Waliokufa walizikwa wapi?
Mfereji wa maji ulipita wapi, na nani alikuwa mkubwa wa kugawa maji?
Pamba mliiuza kwa bei gani, na pesa ile ilinunua nini nyumbani?
Mlivuka mto namna gani mbele ya kuwa na jeto?

Andikeni majibu katika lugha ya mzee mwenyewe, kisha kwa Kiswahili ili jirani naye asome. Mkipata wazee wawili wasiopatana, andikeni yote mawili. Mfuliiru, Mshi, Mrundi, Munyamulenge, kila mmoja ana ukurasa wake katika uwanda huu, na kitabu chenye ukurasa mmoja tu kinazaa vita nyingine. Hilo tumekwisha kuliona kwa macho yetu.

Mwaka 1858 wenyeji wa Uvira walijua mto unakwenda wapi, lakini dunia ilingoja miaka 13 mpaka mgeni mwenye daftari aje kuthibitisha. Mwaka 1964 wenyeji wa Kamanyola walijua siku ile ilikuwa namna gani, lakini nchi iliisikia kwa mdomo wa mtu mmoja tu. Tusingoje mara ya tatu. Jina la kijiji lilisafiri mbali, likapanda mashua na kuingia uwanjani, likatukuzwa, likatukanwa. Sasa limerudi nyumbani. Ni juu yetu, watu wa uwanda na wa kando ya ziwa, kulipokea na kulijaza maisha ya watu wenyewe.